Saa ya ufunguo "haikazi"? Usikimbilie kurudisha hela, wala usikimbilie kubisha

Leo naongea na mnaouza saa zisizotumia betri.

Mwaka jana nilituma saa otomatiki kwa mteja Arusha. Jioni akapiga: "Mangi, saa mbovu hii. Nazungusha kitufe cha pembeni, hakishiki kitu." Nikaogopa kuharibu jina, nikarudisha hela yote pamoja na nauli ya basi. Iliporudi nikampelekea fundi saa mjini. Mzee akaitikisa kidogo, ikatembea. "Kijana, hii nzima. Aina hii haijazwi kwa mkono, inajazwa kwa kuvaliwa."

Miezi miwili mbele, mteja wa Same akalalamika vilevile. Nikajifanya mjuzi: "Dada, ziko hivyo zote, wewe vaa tu." Kumbe yake ilikuwa ya kujaza kwa mkono na springi imekatika! Wiki nzima kavaa saa iliyokufa. Hela nilimrudishia, ila hajanunua tena kwangu.

Kwa hiyo kwanza jua unauza aina gani:

1. Otomatiki isiyojazwa kwa mkono. Mfano Seiko zenye mashine ya 7S26, zipo kwenye Seiko 5 nyingi. Ukizungusha kitufe hujazi kitu. Itikise taratibu kushoto kulia kama nusu dakika, kisha vaa.

2. Otomatiki inayojazwa pia kwa mkono, mfano mashine ya 4R36. Inazunguka laini na haigomi hata ikijaa, maana springi yake ikijaa inateleza ndani. Huo sio ubovu.

3. Ya mkono tupu. Unasikia tiki tiki, inazidi kuwa nzito, mwisho inagoma. Ikigoma acha hapo hapo, usilazimishe.

Angalizo: saa nyingi za kuzamia maji kitufe chake kimefungwa kama kifuniko cha chupa. Kifungue kwanza ndipo ujaze.

Sasa dalili za ubovu wa kweli:

✅ Ya mkono inazunguka bila mwisho na haitembei: mara nyingi springi imekatika au imeachia.
✅ Ukiachia kitufe kinarudi nyuma kwa kasi: kimeno cha kuzuia hakishiki. Kurudi kidogo tu ni kawaida.
✅ Inakwaruza kama ina mchanga: uchafu, mafuta yamekauka, au meno yamelika.
✅ Imejaa vizuri lakini inakufa baada ya saa chache: hizo mashine mbili nilizotaja zikijaa hutembea kama saa 40. Ila muulize mteja kwanza kama alikuwa amekaa tu siku nzima. Mkono usipotembea, otomatiki haijai.

Na tarehe je? Mwambie mteja asiibadilishe kwa kitufe kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 10 alfajiri ya saa yenyewe. Muda huo meno ya tarehe yameshikana, ukilazimisha unavunja. Saa ikiwa imesimama, sogeza mishale mpaka saa 12, ndipo uweke tarehe.

Siku hizi kabla sijafunga mzigo nafanya hivi: naijaza, naiacha siku nzima nione kama inatembea na inapoteza dakika ngapi. Halafu narekodi video fupi nikiijaza, sauti isikike, namtumia mteja WhatsApp. Ndani ya boksi naweka karatasi: "Saa hii ni ya kuvaa," au "Saa hii ni ya kujaza kila siku." Akilalamika naomba video yake, nalinganisha na yangu. Nikiona tofauti, naipokea bila maneno. Mfuniko wa nyuma sifungui mwenyewe, hiyo ni kazi ya fundi.

Tangu nianze hivyo simu za "Mangi, saa mbovu" zimepungua sana. Wewe ulishawahi kurudishiwa saa nzima? Tuambie hapo chini, na umtumie mwenzako anayeuza saa.