Waulize Wateja Maoni, Usiwaulize PIN

Ungependa kujua kama wateja wako wanataka ufungue duka Jumapili? Google Forms ni bure. Unahitaji tu akaunti ya Google. Fungua fomu mpya, andika maswali matano hivi ya kuchagua jibu, kisha tuma linki kwa WhatsApp. Majibu yatajikusanya yenyewe. Ukitaka chemsha bongo, ingia kwenye mipangilio, igeuze iwe kwizi, halafu weka majibu sahihi na alama.

Lakini usiombe PIN kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uchukue tu habari unazohitaji. Na ukitumiwa fomu inayodai PIN ndio upate zawadi, ifunge: huo ni wizi. Sisi hatukuulizi PIN, iwe kwa fomu ama kwa simu.