Je, wajua? Diski yaweza kujaa na karibu robo tatu yake ikiwa tupu

Simu nyingi utakazoziona mikononi mwa watu pale stendi ya Bariadi, ya dereva wa bodaboda na ya mama muuza mchele, zinaendeshwa na Linux. Kwenye boksi limeandikwa jina la Android, lakini chini ya Android kuna kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ile aliyoitoa Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Seva nyingi zinazobeba tovuti na mifumo ya ofisi nazo ni Linux. Kwa hiyo simu inayogoma kupokea picha za harusi na seva inayogoma kupokea taarifa zinaumwa ugonjwa wa ukoo mmoja. Zote zinasema nafasi haitoshi, na mara nyingine nafasi ipo tele.

Mkoa wa Simiyu, iliko Bariadi, ndio unaoongoza nchini Tanzania kwa pamba, basi tuingie kwenye ghala la chama cha msingi msimu wa ununuzi. Kuna lundo la pamba, na kuna daftari la karani linaloonyesha mzigo wa nani uko wapi na una kilo ngapi. Daftari likipotea, pamba ipo lakini haina mwenyewe. Diski nayo iko hivyo hivyo, ina lundo na ina daftari. Katika ext4, mfumo wa mafaili uliozoeleka sana kwenye Linux na uliotangazwa kuwa tayari mwishoni mwa 2008, kila mstari wa daftari hilo huitwa inodi. Inodi ina baiti 256, na ndani yake mna ukubwa wa faili, mwenye faili, saa lilipoguswa na mahali vipande vyake vilipo. Jina la faili halimo, linakaa kwenye folda. Ndiyo maana ukibadili jina la filamu ya gigabaiti mbili kazi huisha kufumba na kufumbua, ila ukiihamishia kwenye kadi ya memori utasubiri, kwa kuwa huko ni ghala jingine na mzigo lazima ubebwe kweli.

Sasa tatizo. Mistari ya daftari la ext4 huhesabiwa siku diski inapofomatiwa, na baada ya hapo haiongezwi hivi hivi. Kwa kawaida kila kilobaiti 16 za diski hutengewa inodi moja. Diski ya gigabaiti 100 inapata inodi milioni 6.5 hivi, ambazo peke yake hula takriban gigabaiti moja na nusu kabla hujaweka chochote. Milioni 6.5 zinatosha na kubaki, mpaka programu iliyoandikwa ovyo ianze kumwaga vifaili vidogo, kimoja kwa kila mtu anayefungua ukurasa. Kila kifaili, hata kikiwa na herufi kumi tu, kinachukua mstari wake mzima na kilobaiti nne za lundo. Piga hesabu: vifaili milioni 6.5 vya kilobaiti nne ni kama gigabaiti 25 tu. Daftari limejaa, ghala lina robo ya mzigo, na mashine inakataa kazi.

Kinachoudhi ni kwamba ujumbe wa hitilafu ni uleule kwa hali zote mbili, lundo likijaa au daftari likijaa. Anayeisimamia seva akiandika amri ya df -h, inayopima nafasi, anaona nafasi imebaki kibao, anadhani kompyuta imerukwa na akili. Akiandika df -i, inayohesabu inodi, anakuta asilimia 100 na fumbo limeisha. Kwa maoni yangu amri hiyo ya pili ingefundishwa siku moja na ile ya kwanza.

Kufuta nako kuna mizungu yake. Unapofuta faili, karani anakata mstari, hatoi pamba nje. Na kama kuna programu bado imelishikilia faili hilo, Linux haitaachia nafasi yake hata kidogo mpaka programu ilifunge. Hutokea kwenye seva: faili la kumbukumbu za matukio limevimba hadi gigabaiti 40, mtu analifuta, diski inabaki imejaa vilevile, na faili halionekani tena popote. Amri ya lsof +L1 huwafichua washikaji wa namna hiyo. Tiba ni kuwasha upya programu husika. Jambo dogo la kuongezea: ext4 huweka akiba asilimia tano ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu, ili mashine isikwame kabisa watu wakijaza kila kona. Kwenye diski kubwa ya data akiba hiyo ni nyingi mno, na inaruhusiwa kupunguzwa.

Halafu kuna umeme, na hili sisi tunalijua vizuri kuliko waliobuni mifumo hii. Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya mstari, daftari na lundo haviafikiani tena. Tangu ext3, mtangulizi wa ext4, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2001, mfumo huandika kwanza pembeni kile unachotaka kufanya, kisha ndipo unakifanya. Umeme ukirudi, unasoma karatasi ya pembeni na kumalizia au kuacha. Kompyuta za zamani zilikaguliwa diski nzima, saa kadhaa. Siku hizi ni sekunde. Lakini ext4 ilipokuja ilileta uzembe wa makusudi: ili ipange vipande vizuri na iende haraka, huchelewa hadi kama nusu dakika kabla ya kuamua data ikae wapi. Mwaka 2009 watu waliwasha kompyuta zilizozimika ghafla wakakuta mafaili yana majina, ndani baiti sifuri. Theodore Ts'o, kiongozi wa kazi ya ext4, aliongeza marekebisho mwaka huohuo, ingawa programu isiyoomba data iandikwe mara moja bado inacheza na bahati.

Simu ina jambo lake la ziada. Memori ya flashi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani kabla ya kusafisha eneo zima, hivyo ikikaribia kujaa inahangaika kutafuta pa kuandikia na simu inakuwa nzito. Android, tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, huiambia memori ni maeneo gani hayana kazi tena ili yasafishwe mapema. Kazi hiyo hufanyika simu ikiwa imewashwa, imetulia na ina chaji ya kutosha, mara nyingi usiku. Vijijini Meatu au Itilima, kwa anayepeleka simu kuchajiwa kibandani ikiwa imezimwa na kuichukua jioni ili aitumie hadi iishe, zamu hiyo ya usafi hupitwa siku baada ya siku. Kwa simu kama hiyo, kuiacha usiku mmoja ikiwa imewashwa kwenye chaji, na kuiachia nafasi tupu ya gigabaiti chache, kunasaidia kuliko programu nyingi zinazojinadi kwamba zinasafisha simu.