Ubishi wa Habari na Presha ya Baba



Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea juu ya malaria, minyoo, lishe ya watoto na utunzaji wa mama wajawazito. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tunataka kuzungumzia ubishi: ule ubishi wa nani anasema kweli, redio hii au gazeti lile, serikali au wapinzani, ambao siku hizi hauishii tena kijiweni bali unaingia pamoja na simu hadi kitandani. Wengine watasema ukurasa wa afya umeanza kuingilia siasa. La. Siasa ndiyo iliyoingia katika afya, nasi tunaifuata huko huko.

Tuchukue mfano wa familia moja, ambayo yaweza kuwa familia yoyote katika jumuiya zetu. Baba ana umri wa miaka 58, ana presha, na kila asubuhi humeza dawa yake. Mwanawe anafanya kazi mjini. Jioni moja kijana anatuma katika kundi la familia video ya kiongozi fulani. Baba anajibu kwamba hizo ni propaganda za watu wa nje. Kijana anajibu kwamba baba anasikiliza redio moja tu. Shangazi anaingia kati, mkwe naye anaingia, na mambo ya zamani yanafufuliwa, hata ya shamba la babu. Saa tano za usiku baba bado ameshika simu gizani, mama amekwisha lala. Hakuna aliyempiga mwenzake, wala hakuna aliyepandisha sauti. Je, mwili wa baba unajua kwamba hapakuwa na vita?

Haujui.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mwenyezi Mungu aliuumba mwili ili uweze kujiokoa wakati wa hatari. Mtu anapotishwa, tezi ndogo zilizoko juu ya figo humwaga katika damu kemikali zinazoitwa adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, presha hupanda, na sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kwa mtu aliyekutana na nyoka shambani huo ni msaada mkubwa, maana atakimbia, atatoka jasho, na baada ya muda mwili utarudi katika hali yake. Lakini anayebishana kwa simu hakimbii popote. Amekaa, au amelala, na kila simu inapolia mwili wake unaanza upya.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya pamoja matokeo ya tafiti tisa zilizokwisha kufanywa juu ya hasira na moyo. Waliona kwamba katika saa mbili zinazofuata mlipuko wa hasira, hatari ya mtu kupatwa na shambulio la moyo huongezeka karibu mara tano, na hatari ya kiharusi huongezeka zaidi ya mara tatu. Tusiogopeshane bure: kwa kijana mwenye afya hatari hiyo ni ndogo sana, na hata ukiizidisha mara tano bado ni ndogo. Hesabu hubadilika kwa mtu mwenye presha au kisukari ambaye hukasirika mara tatu au nne kila siku. Mwaka 2024 ulitoka utafiti mwingine, uliofanywa kwa watu wazima 280 wenye afya. Baadhi yao waliombwa wakumbuke kwa dakika nane tu jambo lililowakasirisha. Uwezo wa mishipa yao ya damu kutanuka ulipungua, na hali hiyo iliendelea hadi dakika 40. Angalieni kwamba hawakugombana na mtu, walikumbuka tu.

Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Kwa hiyo huyo baba wa mfano wetu ana bahati, kwa sababu anajua. Shangazi na mkwe huenda hawajapimwa kamwe. Juu ya usingizi hatutasema mengi, kwani kila mmoja wetu anajua asubuhi ilivyo baada ya usiku wa namna hiyo. Tunaongeza tu kwamba usiku ndio wakati ambao presha hutakiwa kushuka, na asiyelala huunyima moyo wake pumziko hilo.

KWA NINI KILA MMOJA HUONA ANAONEWA

Hatusemi kwamba vyombo vya habari havina upendeleo. Kila gazeti lina mwenyewe, kila redio ina anayelipa mishahara. Tena twajua hapa kwetu Afrika kwamba redio yaweza kuua. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993, iliwachochea watu kuua jirani zao mwaka 1994, na Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha iliwatia hatiani watu wa vyombo vya habari kwa sababu ya maneno waliyoyaeneza. Kwa hiyo kuuliza ni nani anasema, na kwa faida ya nani, ni wajibu wa Mkristo mwenye akili.

Ila kuna jambo la kushangaza ambalo lafaa tulijue kabla hatujabishana. Mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walitangaza matokeo ya jaribio moja. Waliwaonyesha wanafunzi habari za televisheni juu ya mauaji yaliyotokea Beirut mwaka 1982. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa upande wa Israeli, na baadhi upande wa Waarabu. Wote walitazama habari zile zile. Wa upande wa kwanza walisema watangazaji wameipendelea Uarabuni. Wa upande wa pili walisema watangazaji wameipendelea Israeli. Kila upande uliona umeonewa na picha moja!

Basi baba na mwanawe wanaposema, mmoja kwamba redio ya nje inatuchafua, mwingine kwamba redio ya hapa inaficha, yawezekana kabisa kwamba hakuna anayedanganya. Kila mmoja amesikia lile lililomchoma, na lile lililompendeza limepita bila kulisikia.

MIAKA YA 2020 NA 2021

Jambo hili tuliliona kwa macho yetu hapa Tanzania wakati wa korona. Takwimu za mwisho kutolewa mwaka 2020 zilionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Kuanzia Mei mwaka huo hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei 2020 marehemu Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa siri, zilionyesha kuwa na virusi. Kuanzia hapo Watanzania wakagawanyika. Wapo waliosikiliza redio za nje na kusema nchi inateketea. Wapo waliosema redio hizo zinatumiwa na mabeberu. Majumbani watu walibishana juu ya papai mpaka chakula kikapoa.

Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwatahadharisha waamini juu ya wimbi jipya la ugonjwa na kuwahimiza wajikinge. Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki wakiwa na matatizo ya kupumua. Wengi wetu tuliwafahamu baadhi yao. Walitubatizia watoto, walitutibu katika zahanati zao.

Tunayakumbusha haya bila nia ya kufufua ugomvi, maana lipo funzo la afya ndani yake ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Ubishi ule ulihusu redio, nao ulimsahau mgonjwa. Swali likawa, "Nani mwongo?" badala ya kuwa, "Bibi amelala chumba gani, na dirisha lake liko wazi?" Tena si vigumu kuelewa jinsi mtu alivyojifunga kwa maneno yake mwenyewe. Mtu aliyekwisha sema mbele ya wanawe na wakwe zake kwamba ugonjwa huo ni uzushi, siku akishikwa na homa na kifua kubana atamwambia nani? Kukubali kwamba anaumwa ni kukubali kwamba ameshindwa. Atangoja siku ya pili, na ya tatu. Vivyo hivyo ilipofika Julai 2021, chanjo zaidi ya milioni moja zilipoingia nchini na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani tarehe 28, wapo waliotamani kuchanjwa lakini waliogopa kuchekwa na ndugu zao kuliko walivyoogopa sindano. Na wapo waliochanjwa kimya kimya, wakarudi kwenye ubishi wakiwa upande ule ule wa zamani!

Kwa maoni yetu hayo ndiyo madhara makubwa ya ubishi kuliko hata presha. Unamwondoa mtu kwa wale ambao wangemtunza. Ndugu uliyemtukana Jumatatu ndiye mwenye pikipiki ya kukupeleka hospitali Alhamisi usiku.

TUFANYE NINI?

Hatuwaambii waamini waache siasa. Kupiga kura, kudai haki na kufuatilia habari ni sehemu ya wajibu wetu. Wala hatuwaambii wenye uchungu wa kweli watulie: mzazi aliyepoteza mtoto katika vurugu za siasa haponi kwa kuambiwa asikasirike, huyo anahitaji kusikilizwa, na milango ya paroko iko wazi. Tunaosema nao ni sisi wengine, tunaokasirika kwa ajili ya video ya mtu tusiyemjua.

Mwanzo mzuri ni kupiga simu badala ya kuandika. Mwaka 2017 watafiti watatu wa Marekani, Juliana Schroeder, Michael Kardas na Nicholas Epley, waliwapa watu maoni ya siasa ya wale wasiokubaliana nao. Waliosikia sauti ya msemaji walimwona kuwa ni mtu mwenye akili na utu zaidi kuliko waliosoma maneno yale yale yameandikwa. Kwetu sisi jambo hili lina nguvu zaidi. Kijana akimpigia baba yake hawezi kuanza na siasa; ataanza na "Shikamoo baba," naye ataitikia "Marahaba mwanangu," watulizane kwanza habari za nyumbani, za mama, za mvua. Katika maandishi ya simu salamu imepotea, na pasipo salamu watu wa kwetu hawana breki.

Video ikija, kabla ya kuituma kwingine uliza imepigwa lini na wapi, kwa maana nyingi ni za miaka iliyopita au za nchi nyingine. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo: tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha zungushwa mara nyingi huwezi kuutuma kwa zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Simu nazo zilale sebuleni. Mama, hilo tunakukabidhi wewe. Ugomvi wa siasa mbele ya watoto tuuache kabisa, kwani mtoto haelewi chama. Anaelewa kwamba baba na mjomba wamekosana.

Mwenye presha asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anapopimwa, akae kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, asiongee wakati kipimo kinafanya kazi, wala asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Atakayefika zahanati akitokea kwenye ubishi wa kijiweni ataandikiwa namba isiyo yake. Na asiyejua presha yake, baada ya kuusoma ukurasa huu aende akapimwe. Ni kazi ya dakika chache tu.

Mwisho, dalili za kiharusi zijulikane na kila aliye nyumbani, hata watoto wakubwa. Mwambie mgonjwa atabasamu: upande mmoja wa uso umeshuka? Mwambie ainue mikono yote miwili: mmoja unaanguka? Mwambie aseme jina lake: maneno yanakatika au hayaeleweki? Hata moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama limepita lenyewe baada ya dakika chache. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu anaweza kupaliwa, na asiongezewe vidonge vya presha kwa kubahatisha. Atakayempeleka aangalie saa na kukumbuka dalili zilianza lini, kwani hilo ndilo daktari ataliuliza kwanza.