KONDOO INAFICHA UGONJWA CHINI YA MANYOYA YAKE



Wengi kati yenu mliona ile kondoo ya shule ambayo wavulana wawili wa mwaka wa tatu waliikata manyoya, mwezi wa kumi uliopita, kwa makasi ya kazi ya mikono. Mlicheka sana. Nami nilicheka. Walipoitwa kwa Bwana Prefe ili wajieleze, walijibu kwamba katika Biblia watu wanakata kondoo manyoya, wakamtaja Nabali katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 25. Kusoma walisoma vizuri. Lakini ilikuwa siku ya mvua, na baridi ya usiku katika milima yetu ya Kivu mnaijua. Asubuhi tuliikuta ile kondoo inatetemeka peke yake, imejibana kwa ukuta. Tukaifunika gunia, tukawasha moto karibu na zizi mpaka jua likatoka.

Lakini kuna neno moja katika habari hii ambalo halichekeshi. Wakati manyoya yalipokuwa yanaanguka chini, mmoja wa wale wavulana aliniita: "Kapita, kuya uone. Hii kondoo iko paka mifupa!" Nikaenda, nikaona. Mgongo wake ulikuwa kama msumeno. Nikafungua kope la jicho, ndani ni nyeupe kama chaki. Kwa nje tulikuwa tunaona kondoo nzima, yenye manyoya mazito. Ndani ya manyoya kulikuwa mgonjwa.

Katika wiki tatu zilizofuata, kondoo tatu zilikufa kati ya kumi na moja. Mimi ndiye nilipewa kazi ya kundi. Kila jioni nilizihesabu na kuandika katika daftari: 11, 11, 11. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, na mali ikapotea vilevile, kwa sababu nilihesabu lakini sikugusa. Njo maana ninaandika makala hii. Si kwa kuwahukumu wale wavulana.

Mnajua kundi hili linatusaidia nini. Kila muhula kondoo moja inauzwa sokoni, na franga zake zinalipa minervali ya wenzetu ambao hawana baba wala mama. Mwisho wa mwaka huu komiti itakaa na kuamua kama kundi linabaki ao linauzwa lote. Sisi wa mwaka wa sita tutakuwa katika ezameni ya Leta, kisha tutaondoka. Basi afazali niandike sasa yale tuliyojifunza, ili mtu mwingine asianze tena kwa kupoteza.

KWA NINI KONDOO ZETU HAZIKATWI MANYOYA

Kondoo za kwanza, zile za porini, zilikuwa na manyoya yanayoanguka yenyewe kila mwaka. Watu wa Asia ya magharibi walianza kufuga kondoo zaidi ya miaka 10 000 iliyopita. Polepole, katika nchi mbalimbali, walichagua zile zenye sufu ndefu na laini, wakazizalisha hizo tu. Mwishowe wakapata kondoo ambazo sufu yao haianguki tena. Inaota mwaka baada ya mwaka, na kama hakuna mtu wa kuikata, inakuwa mzigo.

Katika mwaka 2015 huko Australia, karibu na mji wa Canberra, walikuta kondoo moja iliyokuwa imepotea miaka mingi. Walipoikata, sufu yake peke yake ilipita kilo 40. Fikiri mwanafunzi anayebeba karibu mfuko wa saruji usiku na mchana, na hawezi kuutua. Kondoo ya namna hiyo inashindwa kutembea, inashindwa kuona, na joto linaitesa. Tena nzi wanataga mayai katika sufu yenye uchafu, na funza wanakula ngozi ingali hai. Basi kwa kondoo za sufu, kukatwa si pambo, ni uganga. Hata katika milima ya Kenya kuna watu wanaofuga kondoo za sufu na kuzikata.

Wenye kujua kazi hiyo wana masharti. Wanangoja sufu iwe kavu. Hawailishi kondoo tangu usiku, ili tumbo lisiwe limejaa. Wanaikalisha kwa matako, mgongo wake ukiegemea miguu ya mkataji, nayo inatulia. Wanaanza na tumbo. Mkono wa kushoto unavuta ngozi iwe sawa, kwa sababu ngozi iliyokunjamana ndiyo inayokatika. Chuchu zinafunikwa kwa mkono. Kila jeraha linatiwa dawa papo hapo. Kisha kondoo inalindwa na mvua na baridi kwa siku nyingi. Angalieni, vijana wetu hawakushika hata sharti moja katika haya!

Kondoo zetu sisi ni za jamii nyingine. Manyoya yao ni mafupi, karibu kama ya mbuzi, nayo yanapunguka yenyewe. Hazina haja ya kukatwa. Makasi yetu yana kazi mbili tu: kuondoa manyoya yenye mavi chini ya mkia, na kusafisha fasi yenye kidonda ili dawa ifike kwenye ngozi.

Lakini nilipofikiri zaidi niliona jambo hili. Mwenye kondoo za sufu analazimishwa kila mwaka kuiona ngozi ya kila kondoo yake, tangu shingo mpaka mkia. Sisi hakuna kitu kinachotulazimisha. Tunaweza kufuga kondoo miaka mitano bila kuigusa. Tena kondoo haisemi. Mbuzi ikiumwa inalia, jirani wote wanasikia. Kondoo inafuata wenzake mpaka siku inaanguka. Kwa hiyo, pasipo makasi, mkono lazima ufanye kazi ya makasi.

KAZI YA SIKU YA POSHO

Tangu mwezi wa kwanza, kila siku ya posho asubuhi, tunakamata kondoo moja moja na kufuata mpango huu. Kwa kundi letu ni kazi ya saa moja tu.

1. Mgongo. Weka mkono nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya uti wa mgongo, na kandamiza kidogo. Ukikuta mifupa mikali kama meno ya msumeno, kondoo imekonda. Ukisikia mifupa lakini imefunikwa na nyama, ni vizuri. Usiamini ukubwa wa tumbo. Tumbo linaweza kujaa majani na mgongo ukabaki na njaa.

2. Macho. Fungua kope la chini mahali penye jua na tazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu inatosha. Ikiwa ya rangi ya waridi iliyofifia, weka alama na kuitazama tena. Ikiwa nyeupe, usingoje kesho. Katika Afrika ya Kusini walitengeneza karatasi yenye rangi tano kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, na leo inatumiwa katika nchi nyingi. Sisi hatuna karatasi hiyo, basi tunalinganisha kondoo na mwenzake.

Damu inakwenda wapi? Veterineri alipopasua kondoo yetu ya tatu iliyokufa, alitufungulia tumbo la nne. Tuliona minyoo mingi sana, myembamba kama uzi, urefu wa santimeta 2 ao 3, nyekundu na nyeupe zimesokotwa kama kamba. Mnyoo huu unanyonya damu. Minyoo 1 000 inaweza kumaliza karibu mililita 50 za damu kila siku, na mnyoo jike mmoja anataga mayai maelfu kwa siku. Jambo linalodanganya ni hili: mara nyingi kondoo haiharishi. Mimi nilikuwa ninangoja kuhara, kumbe kifo kilikuwa kinapita mlango mwingine. Tena pima chini ya taya. Ukikuta uvimbe laini kama mfuko wa maji, hali ni mbaya sana.

3. Dawa. Hapa ninaungama kosa langu la pili. Mwaka uliopita dawa ilikuwa kidogo, nami nikagawa kidonge kimoja kwa kondoo tatu ili kila moja ipate. Nilifikiri ni haki. Lakini dawa nusu haiui minyoo, inaua ile dhaifu na kuacha ile yenye nguvu izae. Afazali kuponya moja kweli kuliko kudanganya tatu. Kipimo kinafuata kilo, na kama hakuna mizani kamba inatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka bega mpaka mwanzo wa mkia, kwa santimeta. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10 800. Mfano: mzunguko 72, urefu 60. 72 × 72 × 60 = 311 040. Ukigawanya unapata karibu kilo 29. Wale wanaouliza hesabu zinatumika fasi gani, jibu ni hili.

Kisha soma karatasi ya dawa, na uliza veterineri. Albendazole, kwa mfano, haipewi kondoo katika mwezi wa kwanza wa mimba. Tena usiipe dawa kondoo yenye macho mekundu na mgongo mzuri. Ukizipa zote kila mara, unafundisha minyoo kuizoea dawa.

4. Malisho. Watoto wa minyoo wanapanda majani yakiwa na maji, na wengi wanakaa katika santimeta 5 za chini. Kwa hiyo tusizitoe kondoo kabla umande haujakauka, na tusizifunge kwa kamba fasi moja mpaka zinakwangua udongo. Sisi tulizifunga nyuma ya uwanja wa mpira muhula mzima. Ilikuwa sawa na kuzilisha watoto wa minyoo sahani moja kila siku.

5. Kwato. Inua kila mguu, ondoa matope na mawe. Kwato iliyoota na kujikunja inakatwa kwa kisu kikali, kidogo kidogo. Ukiona rangi ya damu inakaribia, simama. Ikinuka vibaya kati ya vidole, ni ugonjwa wa kuoza kwato. Tenga ile kondoo na kuisimamisha ndani ya maji yenye sulfati ya zinki, kilo 1 kwa litri 10. Isiyanywe.

6. Masikio, kiwele na mkia. Ondoa kupe katika masikio, kwapani na chini ya mkia. Mama anayenyonyesha, gusa kiwele: kikiwa cha moto na kigumu, mwite veterineri. Mtoto akizaliwa, kitovu kitiwe yodi, na ahakikishwe kwamba amenyonya maziwa ya kwanza katika masaa ya kwanza.

7. Chumvi na chanjo. Kondoo inahitaji chumvi, lakini isipewe chakula kilichotengenezwa kwa nguruwe ao kuku, kwa sababu shaba iliyomo inaweza kuiua. Na kuna pesti ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi wenye homa, kamasi, vidonda mdomoni na kuhara, ambao umekwisha ingia katika nchi yetu. Hauna dawa ya kuuponya, lakini chanjo moja inalinda miaka isiyopungua mitatu. Siku veterineri wanapopita na chanjo, kundi letu lisikose.

KWA KUMALIZA

Leo kundi lina kondoo nane na watoto wawili. Tangu mwezi wa kwanza hakuna hata moja iliyokufa. Na ile iliyokatwa manyoya? Ilipona, na sasa ina mimba. Zile tatu zilizokufa zilikuwa na manyoya mazuri mpaka siku ya mwisho. Ile moja tuliyoicheka ndiyo tuliyoiona mapema, ndiyo iliyopata dawa mapema.

Wale wavulana wawili, baada ya azabu yao, walikuja wenyewe kuomba kazi. Mmoja anashika kondoo, mwingine anafungua macho yao, na hakuna anayewapita. Lakini wawili hawatoshi. Ninaomba wanne wengine, wavulana na wasichana, kutoka mwaka wa nne na wa tano. Andikeni majina yenu kwa mwalimu wa biolojia mbele ya siku ya posho ijayo. Daftari liko kwake. Halina tena hesabu peke yake: lina mistari ya mgongo, macho, kwato na dawa, kila kondoo na ukurasa wake. Komiti itakapoliomba, itasoma humo kama kundi lina watu ao halina.

Mimi ninaacha kamba ya kupimia na kisu cha kwato. Nani atapokea?



Kapita wa shule, mwaka wa sita