Kulala kando ya ziwa la mlimani (Sehemu ya pili)

Baada ya kuzungumzia njia na mizigo juma lililopita, leo tubaki na swali moja: msafiri aliyetoka Bukavu kwa boti hadi Goma, kisha akatembea na begi lake mgongoni kuelekea Lac Vert, lile ziwa dogo la kreta lililo karibu na Mugunga, atandike wapi hema lake? Septemba mvua zimekwisha kurejea, na usiku wa huku una baridi yake, kwani Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya kambi vilivyoandikwa Ulaya humshauri atafute kishimo kisichopigwa na upepo. Kwenye milima ya Alpi huo ni ushauri mwema. Kati ya Goma na Sake unaweza kuua.

Sababu ni mazuku. Chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ardhi ina nyufa zinazopitisha kaboni dayoksaidi kutoka chini. Uzito wa gesi hiyo ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa, tena haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, kwa hiyo hutiririka na kutuama mabondeni kama maji. Mchana jua hupasha ardhi joto na upepo huitawanya. Usiku hewa ikitulia, gesi hujikusanya, na asubuhi huonekana mizoga ya mbuzi, ndege na mijusi. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu ya gesi hii. Ikipita asilimia 10, mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Hapo kimo ndicho kinachoamua. Karibu na Napoli, Italia, liko pango ambamo kwa karne nyingi wageni walionyeshwa mbwa akizimia huku bwana wake amesimama kando yake hana neno, kwa kuwa pua ya mbwa ilikuwa ndani ya gesi na ya bwana wake juu yake. (Mchezo wa kikatili, lakini ulifundisha.) Mtu aliyelala chini hamzidi mbwa yule kimo.

Wako watakaosema kwamba wenyeji hupita mabonde hayo kila siku na hawafi. Ni kweli, ila wao hupita mchana, wamesimama, na wanajua ni mashimo gani hayachungiwi mifugo. Julai 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walivuka kutoka Rwanda, wengi wakapiga kambi juu ya mawe ya lava karibu na Mugunga bila ujuzi huo, na baadhi yao waliuawa na mazuku. Wengine huitegemea taa: maadamu inawaka, hewa ni salama. Hoja hii ni dhaifu. Gesi ikifika asilimia 5 mtu huumwa kichwa na kuhema mbio, na mwali bado unawaka. Isitoshe, aliyelala haangalii taa.

Wapo pia wanaochanganya mambo haya na msiba wa Ziwa Nyos, Kamerun, ulioua watu wapatao 1,700 tarehe 21 Agosti 1986. Kule gesi iliyofungwa vilindini ilifumka kwa mara moja. Gesi nyingi ya Kivu iko chini zaidi ya mita 250, na hata lava ya Nyiragongo ilipoingia ziwani Januari 2002 haikuitoa. Mazuku hayangoji mlipuko; usiku mmoja mtulivu unatosha.

Pingamizi lenye uzito ni la radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kumwambia mtu akimbie bonde huenda kukampeleka kileleni. Lakini kati ya bonde na kilele upo mteremko. Hema likae hapo, mbali na mti ulio peke yake, mbali pia na korongo, maana gesi huteremkia humo. Litapigwa na upepo, nao msafiri atauhimili kwa blanketi la pili. Mahali pachaguliwe kabla ya magharibi, baada ya kuwauliza wachungaji wa pale mashimo yaliyoua mbuzi wao ni yapi.