Malezi ya Paka Wachanga Waliofiwa na Mama

Wanafunzi wetu wa chuoni hapa Temeke huokota paka wachanga waliofiwa na mama, wakawanywesha maziwa ya ng'ombe. Huruma hiyo yaweza kuwaua, kwani maziwa hayo huwaharisha.

Mtume (s.a.w.) alitupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa njaa. Basi yatupasa tujue namna ya kuwalisha.

Kwanza tuwapashe joto, kwani aliyepoa hawezi kusaga chakula. Kisha tuwape maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka wachanga, kwa shauri la daktari wa mifugo, kila saa 2 au 3, hata usiku; walale kifudifudi, wala si chali, yasije yakaingia mapafuni. Kila wanyweapo, tuwapanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, ndipo wapate kukojoa. Wakitimiza wiki 4, waanze chakula laini.