Pima kiwiko cha mpishi kabla ya kumwita fundi wa kabati

MTU anapoamua kukarabati nyumba, jambo la kwanza analoliwazia kuhusu jiko huwa ni rangi ya kabati na aina ya vigae. Hutembelea maduka, hurudi na picha kwenye simu, kisha humkabidhi fundi na kumwambia, “Nataka kama hili.” Fundi naye hupima kuta, hutaja bei, na kazi ikaanza. Yule atakayepika humo kila siku aghalabu haulizwi lolote.

Niliyaona hayo kwetu. Tulipokarabati jiko la nyumba ya wazazi, meko ya gesi yaliwekwa kando kabisa ya mlango wa uani kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa karibu na mtungi. Mlango wenyewe ulifungukia ndani. Miezi michache baadaye mtoto wa dada yangu aliingia mbio kutoka nje, mlango ukagonga mpini wa sufuria ya uji. Alipona, lakini kovu liko mkononi hadi leo. Kuyahamisha meko hayo hadi upande wa pili kulitulazimu kuvunja slabu na vigae ambavyo havikuwa vimetimiza hata mwaka mmoja.

Mpangilio wa jiko, basi, hauanzi na kabati. Huanza na safari za mpishi. Chakula hutoka kwenye jokofu au stoo, kikapelekwa kwenye sinki kuoshwa, kikakatwa juu ya kaunta, kikaingia mekoni, kisha mezani. Mpangilio mzuri huzifupisha safari hizi na kuhakikisha kwamba hakuna mtu mwingine anayezikata njiani.

Wazo hili si geni. Mnamo 1926, mchoraji majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 pekee, na ndani yake kila chombo kilikuwa na mahali pake maalumu. Katika miaka ya 1940, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walikuja na kile kinachoitwa pembetatu ya kazi: jokofu, sinki na meko. Kanuni inayofuatwa hadi sasa ni kwamba umbali kati ya kimoja na kingine uwe baina ya futi 4 na 9, na jumla ya pande zote tatu isipungue futi 13 wala isizidi 26.

Hata hivyo, kanuni hizo zilimfikiria mpishi mmoja aliye peke yake. Jiko la kwetu sivyo lilivyo. Siku ya kawaida humo mna mama na msaidizi wa nyumbani. Krismasi au Idi ikifika, mna shangazi, mabinamu na jirani aliyekuja kusaidia kuchambua mchele. Hata historia yetu inaonyesha jiko lilivyohitaji nafasi na hewa. Katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, jiko liliwekwa juu kabisa ya nyumba ili moshi uende zake, na sehemu nyingi za bara lilikuwa kibanda kilichojitenga na nyumba kubwa. Tulipoliingiza ndani ya nyumba za mijini, tulilipunguza mno.

Chukua mfano wa jiko lenye upana wa futi 7 na urefu wa futi 10. Kaunta ya kawaida huwa na kina cha futi 2. Fundi akikujengea kaunta pande zote mbili, utabaki na njia ya futi 3 katikati. Mtu mmoja atafanya kazi, lakini wawili hawatapishana bila kugusana, na mlango wa tanuri ukifunguliwa njia imefungika. Kaunta ikijengwa upande mmoja mrefu kisha ikakunja kona kufuata ukuta mfupi, njia inakuwa futi 5. Utapoteza sehemu ya kabati, ndiyo, lakini mtu aliyebeba sufuria ya maji yanayochemka ataweza kupita. Kwa wapishi wawili, njia isipungue futi 4. Mimi ningependelea njia hiyo kuliko kabati la kuhifadhi vyombo vinavyotumiwa mara moja kwa mwaka.

Jokofu likae karibu na mlango wa kuingilia, ili anayetaka maji ya kunywa asipite mbele ya meko. Hakikisha mlango wake unafunguka kikamilifu bila kugonga ukuta. Sinki hupendwa chini ya dirisha kwa sababu ya mwanga. Kati ya sinki na meko acha kaunta tupu ya futi 3 hivi, kwani hapo ndipo kazi nyingi hufanyika. Kila upande wa meko uwe na nafasi ya kutua sufuria, wala meko yasiwe chini ya dirisha lenye pazia.

Suala la kimo ndilo linalopuuzwa zaidi. Mafundi wengi hujenga kaunta ya inchi 36 kwa kila mteja, awe mrefu au mfupi. Mwambie mpishi asimame wima akiwa na viatu anavyovaa nyumbani, akunje mkono, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa inchi 4 hadi 6. Hicho ndicho kimo cha kaunta ya kukatia mboga. Sinki laweza kuinuka kidogo zaidi kwa sababu mikono huoshea vyombo chini ndani yake, na anayeinama kila siku ataumwa na mgongo.

Meko nayo yanahitaji hesabu tofauti, na hapa vitabu vya kigeni havitusaidii kwani waandishi wake hawasongi ugali. Kusonga ugali ni kazi ya nguvu inayoelekea chini. Ukiweka meko ya mezani juu ya kaunta ya inchi 36, kisha sufuria kubwa juu yake, mkono wa mpishi utakuwa karibu na bega na hatakuwa na nguvu ya kuusukuma mwiko. Jenga sehemu ya meko hayo ikiwa chini kuliko kaunta nyingine, inchi 28 hadi 30 hivi. Fundi atalalamika kwamba mstari wa slabu utaharibika. Mwache alalamike.

Kuhusu gesi, mahali bora pa mtungi ni nje ya nyumba, penye kivuli na kizimba cha chuma kinachopitisha hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutandaa sakafuni. Ndiposa kabati lililofungwa pande zote si mahali pa mtungi, na dirisha lililo juu pekee halitoshi. Ikibidi mtungi ukae ndani, toboa matundu chini ya ukuta wa nje. Usiuweke karibu na jiko la makaa. Nalo jiko la makaa, kwa familia ambazo bado huchemshia maharagwe, litengewe mahali uani penye paa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi na imeua watu waliolala nayo ndani.

Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Birika la umeme na maikrowevu vikiunganishwa kwenye waya mmoja wa ziada, waya huo huchemka. Dai soketi kadhaa juu ya kaunta, mbali na mfereji, na meko makubwa ya umeme yapewe waya wake kutoka kwenye kisanduku cha umeme.

Wakazi wa miji ambako maji hukatika watenge pia mahali pa mitungi ya lita 20, chini ya kaunta isiyo na kabati. Sinki likihamishwa, kumbuka bomba la majitaka linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita; kadiri linavyokwenda mbali ndivyo sakafu itakavyochimbwa. Kulibakiza lilipokuwa huokoa fedha nyingi. Na iwapo unafikiria kuondoa ukuta, usitegemee neno la mwashi pekee: mwite mhandisi auangalie kama umebeba slabu ya juu, na uulize ofisi ya mipango ya kaunti kuhusu kibali.

Kabla ya kulipa chochote, nunua chaki. Chora sakafuni kaunta, sinki, meko na jokofu kwa vipimo kamili, pamoja na nusu duara ya kila mlango unapofunguka. Panga maboksi au viti mahali pa kaunta. Kisha mwite mpishi apike chakula cha jioni cha kuigiza tu, msaidizi akiwa kando yake na mtoto akipita kutafuta maji. Watakapogongana, futa na uchore upya. Fundi akija, mwonyeshe alama hizo, aandike vipimo vyote kwenye karatasi, nanyi nyote wawili mtie sahihi kabla ya mbao kukatwa.